Kwa nini Willie O'Ree alifunga zaidi alipohamia winga ya kulia

Watu wakimtaja Willie O'Ree hukumbuka jambo moja: ndiye mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Ni jambo kubwa, tena alilipia. Lakini mimi kazi yangu ni macho, na kila nikisoma habari zake nakwama palepale: alicheza ligi hiyo akiwa chongo, na aliificha siri hiyo miaka nenda miaka rudi.

Alizaliwa mwaka 1935 mjini Fredericton, Kanada, kitinda mimba katika nyumba ya watoto 13. Msimu wa 1955–56, akichezea timu ya vijana ya Kitchener, kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, kilimpiga jicho la kulia. Kisahani cha hoki ni raba ngumu iliyogandishwa, chenye upana wa sentimita 7.6 na uzito wa gramu 160 hivi, na enzi hizo wachezaji walikuwa wakiingia kiwanjani uso wazi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliharibika vibaya. Uoni uliobaki haukuzidi asilimia tano. Daktari akamwambia hoki basi. Baada ya majuma machache alikuwa amerudi barafuni, akamwapisha dada yake asimwambie mtu, maana kanuni za ligi zilimkataza mchezaji mwenye jicho moja.

Tarehe 18 Januari 1958 akaingia kiwanjani Montreal na jezi ya Boston Bruins, timu ya NHL. Bruins walishinda 3–0.

Sasa nieleze kinachonishughulisha. Mgonjwa aliyepoteza jicho karibuni nikimpa kalamu na kifuniko chake, kifuniko hupita kando ya ncha, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha hutulia na kuanza kuchezesha kichwa kidogo, kushoto, kulia. Hapo ndipo anapoipata. Macho mawili yameachana kwa sentimita sita hivi, kila moja linaona picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, na ubongo huzilinganisha ili kujua umbali. Jicho moja likizimika, ubongo hushika dalili nyingine, na iliyo bora ni mwendo: ukisogea, vitu vya karibu hukukimbia upesi kuliko vya mbali. O'Ree alikuwa kijana wa miaka 20, na mchezaji wa hoki hatulii hata kidogo. Dalili hiyo ilimjia yenyewe kila alipoteleza. Kwa hiyo siamini kwamba kukadiria umbali ndiko kulikomtesa zaidi.

Kilichomtesa ni upande. Jicho la kushoto huona nyuzi 90 na ushee kuelekea kushoto, lakini kuelekea kulia huishia kwenye nyuzi 60 hivi, kwa sababu pua imesimama njiani. Hilo halina mazoezi, pua haiondoki. Naye alikuwa winga wa kushoto! Winga wa kushoto hukimbia na ukuta wa pembeni ukiwa mkono wake wa kushoto, kwa hiyo mchezo wote uko kulia kwake: pasi zinatoka huko, na beki wa kumkumba anatoka huko. Jicho lake zima lilikuwa likitazama mbao za ukuta. Ili aione pasi ilimbidi ageuze shingo mpaka jicho la kushoto lichungulie juu ya pua, katika kasi ambayo kosa dogo tu linakutupa ukutani.

Katika hali hiyo alicheza mechi 45 za NHL, mbili mwaka 1958 na 43 msimu wa 1960–61, akafunga mabao 4 na kutoa pasi 10 za mabao. Juu ya hayo kulikuwa na matusi ya rangi kutoka majukwaani, na mchezaji wa Chicago aliyemng'oa meno ya mbele kwa kitako cha fimbo.

Kisha akaenda Los Angeles Blades, katika ligi ya magharibi iliyokuwa chini ya NHL. Huko kocha akamhamishia winga ya kulia. Ukuta ukawa upande wa jicho lililokufa, mchezo ukawa upande wa jicho linaloona. Na kwa kuwa alipiga kwa mkono wa kushoto, bapa la fimbo yake nalo lilikuwa upande huohuo. Msimu wa 1964–65 alifunga mabao 38, na katika ligi hiyohiyo hakuwa amewahi kufikisha 30. Akayarudia mabao 38 mwaka 1968–69, sasa akiwa San Diego Gulls, umri wa miaka 33. Aliacha kucheza mwaka 1979, akiwa na miaka 43.

Heshima zilimfikia baadaye sana: Ukumbi wa Umaarufu wa Hoki mwaka 2018, na jezi yake namba 22 kustaafishwa na Bruins tarehe 18 Januari 2022. Nilifurahi kweli. Bado najiuliza Boston wangepata mchezaji gani kama angekuwa na mtu wa kumwambia siri yake bila kupoteza kazi.

Siku hizi akija kwangu fundi, dereva au mchezaji aliyepoteza jicho, kabla ya kipimo chochote namuuliza: kazi yako inakujia kutoka upande gani?