Waifai imejaa, intaneti haipo: tunayoyakosea kuhusu ruta ya nyumbani

"Waifai imejaa, kwa hiyo intaneti ipo."

Hapana. Zile alama kwenye kioo cha simu zinapima masikilizano ya simu na ruta tu, yaani kile kisanduku kinachorusha waifai. Usiku wa 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Uganda nzima, ikarudi tarehe 18. Siku zote zile ruta ziliendelea kurusha waifai kama kawaida. Waifai ni redio ya ndani ya nyumba. Intaneti inaletwa na waya wa faiba au na laini ya simu iliyotiwa ndani ya ruta, na kwa kuwa sisi wa Uganda hatuna pwani, sehemu kubwa yake inapitia Kenya kutoka kwenye nyaya za bahari za Mombasa.

Ukitaka kujua tatizo liko upande gani, geuza ruta usome kibandiko cha chini. Utakuta tarakimu kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ziandike kwenye kivinjari. Ukurasa wa ruta ukifunguka upesi huku kurasa nyingine zote zikigoma, waifai yako haina kosa. Mpigie anayekuuzia intaneti.

"Wapangaji wakiwa wengi, kasi lazima ife."

Hili ndilo linaloleta magomvi kwenye mizigo, vile vyumba vya safu ambavyo watu wake wanachanga bando moja. Simu kumi zilizolala mezani bila kushusha wala kupandisha kitu hazili karibu chochote. Swali ni nani anafanya nini, na amekaa wapi. Kwenye chaneli moja ya waifai vifaa havisemi kwa pamoja, vinapokezana. Simu ya chumba cha mwisho, nyuma ya kuta tatu za matofali, inasikika kwa taabu; ruta inalazimika kusema nayo polepole, na video ileile inashika hewa kwa muda mrefu zaidi. Anayeumia ni hata yule aliye hatua mbili kutoka kwenye ruta. Watu hukimbilia bando kubwa zaidi, ilhali kuisogeza ruta hakugharimu kitu! Iweke katikati ya safu, juu, mbali na mabati na friji.

Ila ruta ya laini inapenda dirisha linaloelekea mnara. Hapo itabidi uchague, na mimi ningeanza na dirisha: kisichoingia hakigawanyiki. Masafa ya redio ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta unayadhoofisha; ya 2.4 yanafika mbali, ila kwenye mitaa iliyobanana ya Kampala ruta za majirani zinayagombea.

"Ruta iliyoandikwa 1200 itaniongezea kasi."

Hiyo ni kasi ya redio ya waifai kwa megabiti, tena ya kwenye karatasi. Laini ikileta megabiti 10 kwa sekunde, mtagawana 10.

"Kila simu inajulikana kivyake huko nje."

Ruta inaipa kila simu anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.5, na huenda simu nyingine huko Gulu inatumia hiyohiyo saa hii. Nje mnaonekana kwa anwani moja. Ruta inakumbuka nani aliomba nini, jibu likirudi inampelekea mwenyewe. Mwenye nyumba anayegawa nywila kwa kila mpangaji afikirie hili: mmoja akifanya utapeli, nyayo zinaishia kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye nyumba.

"Nikiwa kwenye waifai, data ni bure."

Kwa ruta yenye bando la gigabaiti, ni kinyume. Simu ikiona waifai inajiachia: inasasisha programu, inapandisha picha zote za harusi ya Jumamosi. Na tangu Julai 2021 data inabeba ushuru wa asilimia 12. Kwenye mipangilio ya Android, gusa jina la waifai hiyo uiambie simu kwamba inalipiwa kwa kipimo. iPhone nayo ina swichi ya kupunguza data. Kila mpangaji afanye hivyo kwenye simu yake kabla ya kuanza kutafuta nani kamaliza bando.