"Mi siko admini, virusi vitanifanya nini?" Mambo tunayobishania kuhusu usalama wa kompyuta

Ukitaka kuona watu wazima wanagombana bila pombe, nenda Wandegeya, Kampala, kwenye zile steshenari za karibu na Makerere, halafu uliza tu kwa sauti kati ya Windows na Linux, mifumo miwili ya kuendesha kompyuta, ipi salama. Mmoja atakwambia Windows ni nyumba ya virusi, mwingine atasema yeye ana antivirusi ya kulipia kwa hiyo analala usingizi, wa tatu, na huyo mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, atasema shida yote ni nyinyi watu kukaa kwenye akaunti ya admini, ile yenye mamlaka juu ya kompyuta nzima. Wote wana kipande cha ukweli. Lakini hakuna anayeuliza kitu cha kwanza kabisa, yaani unalinda nini, na unakilinda dhidi ya nani. Bila hilo mtabishana mpaka umeme ukatike.

Dhana: ukiwa yuza wa kawaida, si admini, virusi havikuwezi

Hii ndo inayonichosha zaidi kwa sababu inasemwa na watu wanaojua kiasi.

Ukweli ni kwamba kumnyima mtu uadmini kunalinda vitu fulani: mafaili ya mfumo wenyewe, madraiva, akaunti za watu wengine kwenye mashine hiyo, na programu mbaya inakosa nguvu ya kuzima antivirusi au kujipachika mahali pa kuwaka kabla hujaingia. Hayo si madogo. Lakini sasa jiulize, disatesheni yako iko wapi? Picha za harusi? Ile Excel ya michango ya SACCO? Gmail iliyofunguka kwenye brauza tangu mwaka jana, WhatsApp Web? Vyote viko ndani ya akaunti YAKO, na programu yoyote unayoifungua inafanya kazi kwa jina lako, inasoma unachosoma na inafuta unachoweza kufuta. Haihitaji uadmini wowote kwa hayo.

Virusi vya kuteka mafaili na kudai pesa vimeishi hapo hapo miaka yote. CryptoLocker ya 2013 haikuhitaji kuvunja Windows, ilipita tu kwenye folda ambazo mwenye akaunti ana ruhusa ya kuandika, hata zile za mtandao wa ofisi, ikafunga faili moja moja kwa ufunguo ambao wewe huna. Windows yenyewe ilibaki nzima kabisa, inawaka vizuri, taskbar inang'aa, ila kazi zako ndo hazifunguki. Sasa Windows unaweza kuinstoli upya jioni moja, disatesheni je?

Na wezi wa pasiwadi ni vile vile. Wanachukua kuki za brauza, zile zinazofanya usiulizwe pasiwadi kila ukifungua Gmail, wanazipeleka kwao na wanaingia kama wewe, hata ile namba ya kuthibitisha inayotumwa kwenye simu mara nyingi haiulizwi tena kwa sababu kwa macho ya seva huyo alishaingia zamani.

Sasa kwa hiyo kukaa bila uadmini hakuna maana?

Hapana bana, msirukie upande wa pili. Kuna sababu watu walipigania jambo hili. Windows 95 na 98 za nyumbani hazikuwa na ulinzi wowote wa maana kati ya yuza na mfumo, aliyekaa mbele ya kompyuta ndiye mwenye kila kitu. XP ilipotoka 2001 ilibeba msingi wa Windows NT ambayo ilikuwa na ruhusa za mafaili tangu 1993, kwa hiyo uwezo ulikuwepo, ila akaunti unayotengeneza wakati wa kuinstoli ilikuwa admini moja kwa moja na karibu kila mtu alibaki hapo. Flashi moja kutoka kafe ikishika mashine inaishika mpaka mfupa. Na si kwamba wataalamu hawakujua, Saltzer na Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila programu na kila yuza apewe nguvu ndogo kabisa inayomtosha kufanya kazi yake, basi. Upande wa Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imeuiga, walikuwa na ruti (root, admini mkuu wa huko) kwa mambo ya mfumo na yuza wa kawaida kwa kazi za kila siku, na Dennis Ritchie, huyo huyo wa lugha ya C, akabuni njia ya programu kuazima nguvu za mwenye faili kwa muda, mpaka akaipatia hataza Marekani mwaka 1979.

Tatizo ni kwamba mpangilio huu wote ulibuniwa enzi ambapo kompyuta moja ilikuwa na watu wengi na adui alikuwa yule mwanafunzi mwingine anayetaka kuchungulia mafaili yako. Leo laptopu ni yako peke yako, na adui ni programu uliyoifungua wewe mwenyewe. Angalia simu ya Android uone tofauti: ndani kuna Linux, lakini kila app inapewa namba yake ya yuza kana kwamba ni mtu tofauti, ndo maana mchezo wa mpira uliodaunlodi hauwezi kujiingilia tu na kusoma meseji zako za WhatsApp. Kwenye kompyuta ya kawaida programu zako zote ni mtu mmoja, ni wewe.

Dhana: ile skrini inayofifia na kuuliza Yes au No inanilinda

UAC (User Account Control) ya Windows, jina lake hilo. Ilikuja na Vista, ambayo watu wa kawaida waliipata Januari 2007, na watu waliichukia kweli kweli kwa sababu programu nyingi za zamani zilizoea kuandika popote, kwa hiyo maswali yalikuwa hayaishi. Wengi waliizima, na mpaka leo kuna mafundi hapa Kampala wakikuinstolia Windows kitu cha kwanza wanazima UAC, ati inasumbua mteja.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukiingia kama admini Windows inakupa tokeni mbili, yaani kama vitambulisho vya ndani vinavyoonyesha una ruhusa gani, moja imepunguzwa nguvu na nyingine kamili, kazi za kila siku zinakwenda na ile iliyopunguzwa, ukibonyeza Yes ndo programu ile inapata kamili. Wazo zuri. Ila Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba kwa admini hiyo si mpaka wa usalama, na Mark Russinovich, mtaalamu wao, alilieleza hilo tangu 2007, kwamba nusu yako yenye nguvu na nusu yako isiyo na nguvu zinakaa kwenye akaunti moja, zinashiriki mafaili na mipangilio, kwa hiyo programu mbaya iliyo upande mmoja inaweza kupata njia ya kuvuka. Ni kama askari wa geti anayekuuliza wewe mwenyewe kama huyu uliyekuja naye ni mgeni wako. Halafu Windows 7 ya 2009 ikapunguza maswali kwa kuruhusu baadhi ya programu za Microsoft kujipandisha bila kuuliza, na ujanja mwingi wa kuikwepa UAC ulipita kwenye mlango huo.

Kinachosaidia kweli ni akaunti mbili tofauti. Fungua Settings, nenda Accounts, halafu Other users, tengeneza akaunti mpya, ipe Administrator na pasiwadi ya maana, toka, ingia nayo uhakikishe inafunguka, ndipo uishushe hii yako ya kila siku iwe Standard User. Fuata mpangilio huo huo ssebo, usije ukajishusha wewe kwanza ukabaki nje. Mafaili hayahami, kila kitu kinabaki pale pale, ila sasa ukitaka kuinstoli kitu cha mfumo mzima unaombwa pasiwadi ya yule mwingine, na programu mbaya haina nusu yako yenye nguvu ya kuivizia. Wiki ya kwanza itakukera, hasa kama una printa.

Ila hakuna mpangilio unaosaidia dhidi ya kraki, yaani vile viprogramu vya kuifanya Windows isiyolipiwa ijione imelipiwa. Tuseme ukweli, laptopu nyingi za mtumba zinauzwa na Windows ambayo haijalipiwa, na maelekezo ya kuikraki yanafanana kila mahali: zima antivirusi kwanza, halafu fungua kama administreta. Hebu yasome maelekezo hayo tena polepole kama wewe ndo mwizi. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi installer feki ya KMSPico, moja ya kraki hizo, ilivyokuwa imebeba Cryptbot, programu mbaya ambayo inaiba pochi za sarafu za kidijitali na data za brauza. Mtu anaogopa kulipia leseni halafu anamkabidhi mgeni asiyemjua funguo zote, banange.

Dhana: Linux haishikwi

Naipenda Linux, nisieleweke vibaya. Lakini Januari 2021 watu wa Qualys, kampuni ya usalama, walitangaza shimo kwenye sudo, ile amri ya kuazima nguvu za ruti, lililokuwepo tangu 2011, na lilimruhusu yuza yeyote aliye ndani ya mashine, hata ambaye hana ruhusa ya sudo, kuwa ruti. Mwaka mmoja baadaye, hao hao, wakatoa lingine kwenye pkexec, programu nyingine ya kazi kama hiyo, hilo lilikuwa limelala hapo tangu 2009. Sifa ya Linux hapo ni kwamba marekebisho yalitoka haraka na kila mtu anaweza kuona kilichobadilishwa, lakini ukiwa na Ubuntu, moja ya matoleo ya Linux, hujaiapdeti tangu ilipoinstoliwa, sifa hiyo si yako.

Halafu kuna hili ambalo mashabiki hawapendi kulisikia. Ubuntu tangu ya kwanza ya 2004 imefunga pasiwadi ya ruti, ndiyo, lakini yuza wa kwanza anapewa sudo, na pasiwadi ni ile ile ya kuingilia. Programu mbaya ikishaingia kwenye akaunti yako inaweza kuandika mstari mmoja kwenye faili lako la bashrc, lile linalosomwa kila ukifungua dirisha la amri, ili ukichapa sudo ifunguke sudo feki, wewe unaandika pasiwadi yako kwa amani, imeisha. Na kwenye mfumo wa madirisha wa zamani, X11, programu moja iliweza kusikiliza unachochapa kwenye dirisha la programu nyingine bila ruhusa ya mtu, na hilo ni moja ya mambo ambayo Wayland, mfumo mpya wa madirisha, imekuja kuyabadilisha. Virusi vya Linux ya mezani ni vichache zaidi kwa sababu watumiaji ni wachache, mwizi anakwenda kwenye watu wengi.

Wa Mac nanyi mnyamaze kidogo. Programu mbaya ya Flashback mwaka 2012 ilishika Mac kama 600,000 kupitia Java, na Novemba 2017 kwenye toleo la Mac la High Sierra uliweza kuandika jina root, ukaacha pasiwadi tupu, ukajaribu mara kadhaa ukaingia. Apple waliziba haraka. Sifa yao ya kweli ni ile kinga ya 2015 ambapo hata ruti mwenyewe haruhusiwi kugusa mafaili ya mfumo.

Dhana: laptopu yangu ina pasiwadi, ikiibwa wataishia kufomati tu

Si lazima wafomati. Pasiwadi ya kuingilia inalinda pale Windows inapokuwa inafanya kazi. Mtu akichomeka flashi ya Ubuntu akawasha kutoka hapo, au akatoa diski akaitia kwenye mashine nyingine, anasoma mafaili yako kama gazeti na uadmini wako wote haujulikani hapo. Dawa ni kusimba diski nzima, yaani kuifunga kwa ufunguo ili asiye nao asisome kitu: BitLocker kwenye Windows Pro, FileVault kwa Mac, LUKS kwa Linux ambayo unaichagua wakati wa kuinstoli. Windows Home nayo kwenye baadhi ya mashine ina usimbaji wake, angalia Settings. Ufunguo wa dharura wa BitLocker ni tarakimu 48, uandike mahali nje ya laptopu hiyo.

Dhana: usipobonyeza kitu huwezi kupata virusi

WannaCry, virusi vingine vya kuteka mafaili, Mei 2017. Ilishika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi kama 150, ikaruka yenyewe kutoka mashine hadi mashine kupitia ile huduma ya kushirikiana mafaili, na ikiingia inaingia na nguvu za mfumo wenyewe, kwa hiyo kama wewe ni admini au yuza wa kawaida haikuwa na habari. Apdeti ya kuziba hilo shimo ilikuwa imetoka Machi mwaka huo huo. Najua hapa kwetu apdeti zinazimwa kwa sababu bando ni ghali, basi wekeni mtandao kama metered (wa bando la kupimwa) kwenye Settings zisijishushe zenyewe, halafu mkifika kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi mziruhusu. Na mnaobaki kwenye Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Vile virusi vya shortcut kwenye flashi ni jambo tofauti, vyenyewe vinakuhitaji. Microsoft walikwishazuia flashi kujifungua yenyewe, kwanza Windows 7, halafu Februari 2011 wakapeleka apdeti kwa XP na Vista, kwa hiyo siku hizi vinaficha folda zako na kukuwekea shortcut yenye jina lile lile ili ubonyeze mwenyewe. Kwenye akaunti ya kawaida vinafanya kazi bila shida.

Nyinyi wenye steshenari, kwenu kuna la ziada. Mashine moja, akaunti moja, wateja wa siku nzima wote ndani yake, Downloads imejaa CV na skani za vitambulisho vya taifa, Gmail ya mtu wa jana bado iko wazi. Kushusha akaunti hiyo kuwa ya kawaida hakumlindi mteja na mteja mwenzake kwa sababu kwa mfumo wote ni yuza mmoja. Tengeneza akaunti ya wateja peke yake, yako ya hesabu na mobile money iwe nyingine yenye pasiwadi, brauza ya wateja iwe inajifuta ikifungwa, na Downloads isafishwe kila jioni. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ipo tangu 2019 na haijasema kwamba duka dogo limesamehewa.

Na bakapu iwe kwenye diski unayoichomoa ukimaliza kukopi. Ikikaa imechomekwa siku nzima, akaunti yako ina ruhusa ya kuiandikia, na virusi pia vinayo.