Maana ya haki ya mpangaji kukaa kwa amani katika nyumba ya kupanga

Anayepanga nyumba nchini Kenya haruhusiwi tu kulala ndani ya mali ya mwenzake, bali hukabidhiwa nyumba hiyo kwa muda wote anaoulipia kodi. Umiliki hubaki kwa mwenye nyumba, lakini matumizi ya kila siku, pamoja na uamuzi wa nani aingie na nani abaki nje, huwa mikononi mwa mpangaji. Hiyo ndiyo haki ya kukaa kwa amani bila kusumbuliwa. Huvunjwa keyateka, yaani mtu aliyewekwa na mwenye nyumba kulisimamia jengo, anapofungua mlango kwa ufunguo wa akiba huku mpangaji yuko kazini, na nyumba inapoachwa ichakae hadi isikalike huwa imeguswa pia, ijapokuwa wengi huyaona mambo hayo mawili kama malalamiko yasiyohusiana.

Msingi wake ni kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambacho huingiza ahadi kadhaa za mwenye nyumba katika mkataba wa upangaji hata kama wahusika hawakuzitaja. Kwa kuwa sheria hiyohiyo inakubali upangaji wa muda mfupi ufanywe kwa mdomo, anayetuma kodi kwa simu kila mwezi bila kuwahi kutia sahihi karatasi yoyote naye ni mpangaji kamili, na ahadi hizo zinamlinda.

Kuhusu ukarabati, ahadi kuu ni kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza, na iendelee kufaa hadi mwisho. Pale ambapo mtu amepanga sehemu tu ya jengo, kama ilivyo katika maghorofa mengi ya Nairobi, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kutunza paa, kuta kuu na za nje, mitaro mikuu ya maji taka, pamoja na ngazi na korido zinazotumiwa na wote. Maji ya bafu la ghorofa ya juu yakichuruzika kwenye dari ya jirani wa chini mpaka yakakaribia nyaya za taa, haitoshi keyateka kumwambia aweke beseni. Kioo alichokivunja mpangaji mwenyewe, bila shaka, ni chake kukirudisha.

Kuhusu kuingia, sheria haimfungii mwenye nyumba nje kabisa. Inampa uwezo wa kuingia, yeye au ajenti wake, kwa wakati unaofaa, ili akague hali ya nyumba au afanye matengenezo yaliyo juu yake, ila asiuvuruge ukaaji wa mpangaji pasipo sababu ya maana. Wasomaji wengi wameshasikia kuhusu notisi ya saa 24. Hiyo ni kanuni ya Uingereza, katika sheria yake ya mwaka 1985, na kifungu cha 65 hakitaji idadi yoyote ya saa. Kwa maoni yangu hilo ni pengo, na dawa yake ni kuandika muda huo katika mkataba kabla ya kulipa amana. Hata hivyo, ni vigumu kuona jinsi wakati ungeweza kuitwa unaofaa ilhali mpangaji hakuambiwa lolote. Kumleta mtu anayetafuta nyumba ili achungulie chumba chenye nguo na vyombo vya mwingine si ukaguzi wala si ukarabati, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya nyumba ya mtu awe ni mwenye mali au mpangaji.

Wengi hukwama katika hatua inayofuata, maana hasira huwashauri wazuie kodi mpaka bomba litengenezwe. Ahadi ya kukaa kwa amani imefungamanishwa na ulipaji wa kodi, na kodi isipolipwa kwa mwezi mmoja baada ya siku yake, mwenye nyumba anaweza kuanza kumpa mpangaji notisi ya kuvunja upangaji. Aliyekuwa mlalamikaji hujikuta mdaiwa. Ni salama zaidi kuendelea kulipa, kulalamika kwa maandishi yenye tarehe na picha (ujumbe wa simu unatosha kuanzia), na kupata kibali cha maandishi kabla ya kukata gharama ya fundi kwenye kodi.

Mahali pa kushtaki hutegemea kiasi cha kodi. Baraza linaloshughulikia kodi za nyumba za kuishi linahusika na zile ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho leo kinaziacha nje nyumba nyingi za mjini. Waliobaki huelekea kwa hakimu au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, njia ndefu na ya gharama kwa mtu aliyepanga bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja. Mpangaji aliyekwisha kuhama na ananyimwa amana yake anaweza kujaribu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huko picha za kuta, sinki na dari zilizopigwa siku ya kuingia humsaidia kuonyesha ni uharibifu gani aliukuta.