Maana ya ulinganifu wa kichwa mbadala katika sanamu ndogo za askari

Kichwa mbadala ni kichwa cha sanamu kinachouzwa peke yake, bila kiwiliwili, ili mtengenezaji wa modeli akipachike mahali pa kile kilichokuja ndani ya seti. Askari wengi wa plastiki hutoka kiwandani wakiwa na nyuso zilizofifia, kwa sababu plastiki ya moto husukumwa ndani ya kalibu ya chuma, nayo kalibu ngumu haiwezi kuachana na umbo lenye vishimo vya kina kama tundu la sikio, mkunjo wa kope au upenyo wa midomo. Rezini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikishamiminwa, huwekwa katika kalibu laini ya mpira inayopindika wakati wa kutoa umbo, na hivyo hukubali michongo ambayo chuma hukataa. Ndiyo maana wako waundaji, kama Hornet wa Uingereza, waliojipatia sifa kubwa kwa kuuza vichwa. Ulinganifu, kwa upande wake, ni hali ya kichwa kilichoongezwa kukubaliana na mwili kwa ukubwa, kwa mkao na kwa zama, kiasi kwamba mtazamaji asiyeambiwa hawezi kujua kwamba vitu hivyo viwili vilitoka katika pakiti mbili. Msimamo wa makala haya ni kwamba ulinganifu huo hauamuliwi na namba iliyochapwa juu ya pakiti, bali na mwili ambao kichwa kitaukalia.

Aliyesoma ramani shuleni anaifahamu skeli: katika ramani ya 1:50,000, sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi. Modeli hufuata hesabu hiyo hiyo. Katika skeli ya 1/35, ambayo ndiyo imeenea zaidi kwa magari na askari wa nchi kavu, mtu wa sentimita 175 husimama milimita 50. Katika 1/72 hushuka hadi milimita 24 na ushee. Katika 1/16 hufika takriban milimita 109. Skeli ya 1/35 yenyewe haikuzaliwa na hesabu. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotengeneza kifaru cha Panther chenye mota mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa wa modeli ulipangwa ili betri na mota vipate nafasi ndani yake, na ilipopimwa baadaye ikaonekana kuwa karibu na 1/35. Namba iliyopatikana kwa njia hiyo imekuwa sheria kwa watengenezaji wa dunia nzima, na si ajabu kwamba wao kwa wao hawaitafsiri kwa usahihi uleule.

Mkanganyiko huongezeka kwa sanamu zinazotajwa kwa urefu badala ya skeli. Sanamu ya milimita 54 huchukuliwa kuwa sawa na 1/32, kwa kuwa 54 mara 32 ni milimita 1,728, yaani mtu wa sentimita 173 hivi. Lakini wapo wachongaji wanaopima milimita hizo kutoka wayo hadi utosi, na wapo wanaopima kutoka wayo hadi usawa wa macho. Kwa hawa wa pili, askari mzima hufika karibu milimita 58, na kichwa chake hukua kwa kiasi hicho hicho. Pakiti mbili zenye namba 54 zaweza basi kubeba vichwa visivyofaa kubadilishana. Sanamu za milimita 28 za michezo ya vita vya mezani ni jambo la peke yake: vichwa na mikono yake huongezwa makusudi ili vionekane mchezaji akiwa amesimama upande wa pili wa meza, na kwa sababu hiyo havifai kuchanganywa na sanamu zilizochongwa kwa uwiano wa mwili halisi.

Tofauti ya 1/32 na 1/35 husikika ndogo, na muuzaji atamwambia mnunuzi kwamba haionekani. Inaonekana. Kichwa cha mtu mzima, kutoka kidevuni hadi utosini, kina wastani wa sentimita 23. Katika 1/35 hizo ni milimita 6.6, na katika 1/32 ni milimita 7.2. Tofauti ni sehemu sita kati ya kumi za milimita, ila kichwa si mstari bali ni tufe, na kila upande wake umekua pamoja na mwingine. Ujazo wa kichwa cha 1/32 unazidi ule wa 1/35 kwa takriban asilimia 31, na jicho la mwanadamu, ambalo limezoea kutazama vichwa vya watu tangu utotoni, hulikamata ongezeko hilo mara moja hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kinachomsumbua. Mwenye faili la kuchapa kwa printa ya 3D ana nafuu, kwa sababu anaweza kukipunguza kichwa cha 1/32 hadi asilimia 91.4 na kukipata cha 1/35. Mwenye kichwa cha rezini mkononi hana njia kama hiyo.

Hapa lipo jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha. Watu hutofautiana sana kwa kimo, lakini hawatofautiani kiasi hicho kwa ukubwa wa kichwa. Mtu mzima wa sentimita 160 na mwingine wa sentimita 190 huenda wakapishana sentimita moja au mbili tu kutoka kidevu hadi utosi. Mrefu basi ana mwili unaokaribia vichwa vinane, na mfupi ana mwili wa vichwa saba. Kwa mtengenezaji wa modeli, maana yake ni kwamba askari wawili wa skeli moja waliochongwa kwa vimo tofauti wanaweza kubeba vichwa vya ukubwa mmoja bila kosa lolote, na kwamba kupima urefu wa sanamu peke yake ili kuchagua kichwa ni njia isiyotegemeka. Kichwa kikizidi, askari hufanana na mtoto aliyevaa sare, kwa kuwa mtoto ndiye mwenye kichwa kikubwa kwa mwili mdogo. Kikipungua, askari hugeuka jitu. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ndilo baya zaidi machoni pangu, kwa sababu la pili huweza kusingiziwa koti zito na mikoba.

Kipimo cha kutegemewa hutafutwa katika mwili wenyewe. Kiganja, kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, hukaribia urefu wa uso kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Msomaji anaweza kuthibitisha kwa kuweka kiganja chake usoni sasa hivi. Katika 1/35 urefu huo ni kama milimita 5.4. Upana wa mabega ya mwanamume, pamoja na misuli ya mikono, hukaribia upana wa vichwa vitatu vikitazamwa kwa mbele. Kwa hiyo kabla ya kununua au kukata chochote, pima kiganja na mabega ya sanamu uliyo nayo. Kalipa ya kidijitali inatosha, nayo si kifaa cha ajabu hapa kwetu Dodoma, kwa kuwa mafundi wa magari huitumia kupima shafti na beringi. Ikiwa kiganja cha sanamu kina milimita 6 badala ya 5.4, mwili huo umechongwa mkubwa kuliko namba ya pakiti, na kichwa sahihi cha 1/35 kitaonekana kidogo juu yake.

Kichwa kilichovaa kofia hakipimiki hadi utosini, kwani utosi haupo. Wachongaji wengi huukata ili kofia ikae chini inavyopaswa. Katika hali hiyo hupimwa kutoka kidevuni hadi katikati ya macho, kisha kipimo huzidishwa mara mbili, kwa sababu macho hukaa karibu nusu ya kimo cha kichwa. Ukweli huo wa macho kuwa katikati huwashangaza wengi, na ndio unaofichua kosa la kofia ya chuma kuvalishwa juu ya kichwa kamili chenye nywele: kofia hupanda, paji la uso hurefuka, na askari huonekana amejitwika sufuria. Dawa yake ni kusugua utosi kwa msasa hadi ukingo wa kofia ushuke karibu na nyusi, kama ilivyo katika picha za zama husika.

Shingo ndiyo sehemu inayoharibu kazi nyingi zilizopimwa vizuri. Haisimami wima kama nguzo, bali hutoka kifuani ikielekea mbele kidogo, na kichwa huketi mbele ya mstari wa mabega. Mtu anapogeuza uso kushoto, msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio la kulia na kushuka hadi kwenye mtulinga hujitokeza, na kikoromeo husogea. Kichwa kilichochongwa kikiangalia mbele, kikizungushwa tu ndani ya kola, hakina dalili hizo. Askari anayelenga bunduki anadai zaidi ya hapo, kwa maana shavu lake lazima liguse kitako na jicho lake lifuate mstari wa kilengeo. Kichwa kizuri kuliko vyote hakimfai ikiwa shingo yake imenyooka. Jaribio hufanywa kabla ya gundi, kwa kubandika kichwa kwa tone la nta ya nyuki (Manyoni haiko mbali, na nta yake ni nzuri, ingawa adhuhuri ya Oktoba huilainisha mno) na kukizungusha hadi mkao ukubali. Picha ya simu husaidia kuona kasoro, mradi simu iwe mbali kidogo na picha ivutwe. Ikisogezwa karibu sana, sehemu iliyo mbele hukuzwa na kichwa kisicho na hatia kikahukumiwa.

Ulinganifu wa zama unatuhusu sisi wa kanda hii kwa namna ya pekee. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa. Mwezi Aprili 1916 vikosi vya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer viliingia Kondoa Irangi, Mei vikashambuliwa na majeshi ya Kijerumani ya von Lettow-Vorbeck, na mwishoni mwa Julai vikaiteka Dodoma na reli yake. Mtu anayetaka kuunda mandhari ya stesheni ya Dodoma ya mwaka huo atagundua kwamba vichwa vingi vya askari wa Kijerumani vilivyopo sokoni vimevaa kofia ya chuma, ambayo ilianza kugawiwa mwaka huo huo katika medani za Ulaya na haikuwa vazi la askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Askari wao alivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki na kitambaa cha kukinga kikosi cha shingo. Kichwa kinaweza kuwa na milimita 6.6 kamili na bado kikawa hakilingani.

Zipo pia nyuso. Askari wengi wa jeshi hilo walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na watu wa makabila mengine ya humu, pamoja na Wasudani. Kuchukua kichwa kilichochongwa kwa sura ya Mzungu na kukipaka kahawia ni njia ya mkato inayojulikana kwa mtazamo wa kwanza, kwa sababu rangi haibadilishi umbo la pua, la midomo wala la taya. Wapo wachongaji wanaotengeneza vichwa vya Waafrika, na gharama ya kuviagiza ni halali. Asiyevipata anaweza kuongeza puti ya epoksi puani na midomoni, kisha kudonoa nywele fupi kwa ncha ya sindano kabla puti haijakauka. Ni kazi ya subira, lakini nywele za kipilipili katika ukubwa huu ni rahisi kuchonga kuliko nywele za singa.

Kuhusu kuunganisha, maneno machache yanatosha. Gundi ya plastiki huyeyusha plastiki, na rezini haiyeyuki kwayo, hivyo hutumika supa gluu au epoksi. Supa gluu hushika kwa msaada wa unyevu wa hewa, na katika kiangazi chetu kikavu huchelewa kuliko maelezo ya chupa yanavyoahidi. Kupumulia kiungo kwa mbali huiharakisha. Toboa kifua na shingo kwa keekee ndogo ya mkono, pitisha kipande cha waya, na uzibe pengo la kola kwa puti. Vumbi la rezini lisivutwe puani: sugua kwa msasa wa maji, na vaa barakoa.

Linabaki suala la kundi. Askari watano katika mandhari moja, mmoja wao akiwa na kichwa cha rezini chenye makunyanzi na kope, na wenzake wanne wakiwa na nyuso laini za kiwandani, hawalingani hata kama kila kichwa kimepimwa kwa kalipa. Wachongaji wana mikono tofauti. Mmoja huchonga mashavu yaliyobonyea na mwingine nyuso pana, na tofauti hizo husomeka upesi pale watu wanaposimama bega kwa bega. Kwa hiyo bajeti ikiruhusu vichwa viwili tu, ni afadhali viende kwa askari wawili waliotenganishwa na kundi, kama mlinzi na mpelekaji wa ujumbe, na wale watatu waliokaa pamoja wabaki na vichwa walivyotoka navyo kiwandani.