Kamera ya Getini Si Monita ya Mtoto

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja wa Kiamunyi, Nakuru: "Fundi, si kamera ni kamera tu? Hii ya getini nihamishie chumba cha mtoto." Nimechoka kulijibu swali hili mlangoni nikiwa na ngazi begani. Nalijibu hapa.

Kamera ya usalama ya Wi-Fi imetengenezwa irekodi. Mwizi akiruka ua saa nane usiku, asubuhi unataka kuona sura yake, na sekunde chache za kuchelewa hazikupunguzii kitu. Monita ya mtoto, yaani kifaa kimoja kando ya kitanda cha mtoto na kingine kwa mzazi, kazi yake ni kukuamsha.

Wateja hulinganisha megapikseli. Wangeuliza kwanza sauti inapita wapi! Monita nyingi za sauti hutumia mawimbi ya DECT, yale ya simu za mezani zisizo na waya, karibu gigahatsi 1.9, kutoka kifaa cha mtoto moja kwa moja hadi cha mzazi. Rauta haihusiki, bando halihusiki. Sauti ya kamera hupitia rauta, mara nyingi hadi seva ya mbali, ndipo irudi kwenye simu yako, tena uombe simu isiwe imeifunga programu ili kuokoa betri.

Kwa yule mama niliviweka vyote viwili. Mtoto akiwa bado uani na yaya, nikapiga kofi moja kando ya kitanda. Monita ikalitoa papo hapo. Simu, moja, mbili, tatu, nne, ndipo kofi likasikika. Baadaye mtoto akiwa amelala, nikachomoa rauta kana kwamba stima imepotea. Tukaendelea kunywa chai sebuleni, simu ikituonyesha mtoto kalala chali, neti imetulia. Tulipoingia chumbani tulimkuta ameketi, anaivuta neti kwa mikono miwili. Picha ilikuwa imeganda zamani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Monita nzuri ikipoteza mawasiliano hupiga mlio, kwa hiyo ikinyamaza unajua mtoto amenyamaza. Kamera nyingi zikikatika hunyamaza vilevile, na mzazi analala akidhani mambo ni shwari.

Monita nazo zina kasoro zake. Mita 300 zilizoandikwa kwenye katoni ni za uwanja mtupu. Ukuta wa mawe na slabu ya zege huzila. Zinazodai kutambua kilio zinanitia shaka, maana jogoo na honi ya bodaboda huziamsha pia. Na kwa nyumba ya vyumba viwili huwaambia wateja waache mlango wazi, wabaki na pesa zao. Wala usinunue chochote ukidhani kitazuia kifo cha ghafla cha mtoto usingizini: chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, huwaonya wazazi wasitegemee vifaa vya nyumbani kwa hilo. Mlaze chali kwenye godoro gumu.

Ukishikilia kamera, badilisha nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na rauta nyingi mno kwa kujaribu nywila hizo tu. Na waya, tafadhali, usiufunge kwenye ubao wa kitanda. Uwe mbali kwa mita moja au zaidi. Kuna watoto walionyongwa na nyaya za vifaa hivi.

Leo kabla ya kulala zima rauta, kisha kaa na simu dakika tano uone kama itakuambia lolote.