Zinki ya mdomoni si zinki ya puani

"Musawo, mjukuu wangu alipoharisha si mlimpa zinki? Na hii si zinki hiyo hiyo?"

Aliyeniuliza ni mama muuza samaki sokoni hapa Busia; musawo, yaani daktari, ndivyo wanavyoniita mimi muuza dawa. Mkononi alikuwa na kichupa cha jeli ya mafua yenye zinki, ya kuingizwa puani, alicholetewa na ndugu yake kutoka ng'ambo. Pua ilikuwa imemziba siku ya tatu, na mteja hangoji mtu apone.

Kweli, mtoto tulimpa zinki: miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, pamoja na ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoelekeza mwaka 2004. Vidonge hivyo havikosekani dukani kwangu na sina wasiwasi navyo. Kidonge hupita tumboni, mwili ukachukua kiasi unachohitaji. Jeli hukutana na neva uso kwa uso.

Juu kabisa ndani ya pua pana ngozi nyembamba yenye seli za kunusa. Nyuzi zake hupenya kwenye vitundu vidogo vya mfupa na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo. Hakuna neva nyingine iliyo wazi kwa hewa namna hiyo. Chumvi za zinki zikiigusa zinaweza kuziua seli hizo, na ingawa kwa kawaida huota upya, zikifa pamoja na zile za chini zinazozizaa, harufu inaweza isirudi kabisa.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1930, huko Toronto, watoto walipuliziwa zinki salfeti puani ili wasipate polio. Polio haikuzuilika, na baadhi yao walipoteza uwezo wa kunusa. Hata hivyo, miongo kadhaa baadaye zinki ilirudi puani, safari hii ikiuzwa Marekani kama dawa ya mafua iitwayo Zicam. Mwaka 2006 kampuni yake ilikubali kulipa dola milioni 12 kumaliza madai ya watu wapatao 340. Tarehe 16 Juni 2009 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikawaonya watu waache jeli na vijiti vyake vya puani, baada ya kupokea taarifa zaidi ya 130 za watu waliopoteza harufu. Vidonge vyake vya mdomoni havikuguswa na onyo hilo.

Kampuni ilijitetea kwamba mafua yenyewe huondoa harufu. Ni kweli, huondoa. Lakini mafua hayakuchomi kama pilipili dakika ile ile unapopuliza dawa, na wengi wa waliolalamika walieleza mchomo wa namna hiyo. Mimi hilo linanitosha kutoiuza, hasa kwa ugonjwa unaoisha wenyewe ndani ya wiki moja hivi.

Nilimuuliza mama yule anamjuaje samaki aliyelala. Akanicheka. "Kwa pua, musawo. Macho unaweza kuyadanganya kwa barafu."

Alikiweka kichupa juu ya kaunta mwenyewe. Nikampa maji ya chumvi ya kusafishia pua, nikamwambia ajifukize mvuke akipenda, ila asiukaribie sana asije akaungua, na arudi ikiwa homa itapanda. Zile dawa nyingine za kuzibua pua, ambazo hazina zinki, nilimwambia asizizidishe siku tatu, maana ukizizoea pua huziba zaidi ya mwanzo.

Kichupa kiko kwenye sanduku la dawa za kuteketezwa. Alikuwa bado hajakifungua.