Dutu safi na mchanganyiko: maswali na majibu kwa anayejali afya yake

Maji ya kunywa huitwa maji safi na salama. Je, mwanakemia naye huyaita safi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu neno "safi" lina maana mbili tofauti. Katika mazungumzo ya kila siku, kitu safi ni kile kisicho na uchafu wala vijidudu. Katika kemia, dutu safi ni ile yenye elementi moja tu (kitu cha msingi kisichogawanyika kikemia kuwa vitu vingine) au kampaundi moja tu (elementi zilizoungana kikemia), na ukichukua hata tone lake dogo utalikuta na muundo uleule. Maji ya kunywa, hata yaliyotibiwa vizuri kabisa, yamebeba madini yaliyoyeyuka kama vile kalsiamu na magnesiamu, hewa kidogo, na mara nyingi klorini iliyotiwa ili kuua vijidudu. Kwa mwanakemia huo ni mchanganyiko, nao unatufaa sana. Zebaki iliyosafishwa, kwa upande wake, ni dutu safi kabisa, lakini ni sumu. Usafi wa kikemia haukuambii kwamba kitu kinafaa kuingia mwilini. Unakuambia tu kwamba hakijachanganyika na kingine.

Basi dutu safi hutambuliwaje?

Hutambuliwa kwa uthabiti wake. Maji yenyewe, yawe yametoka mawinguni au maabara, yana sehemu 1 ya haidrojeni kwa takriban sehemu 8 za oksijeni kwa uzito, na uwiano huo haubadiliki. Mwanakemia Mfaransa Joseph Proust ndiye aliyeisimamia kanuni hii mwishoni mwa karne ya 18, wakati ambapo wenzake wengine walikuwa bado wanaibishia. Dutu safi pia ina kiwango chake maalumu cha kuchemka: kwa maji ni nyuzi joto 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari. Mchanganyiko hauna masharti hayo. Maji ya chumvi yanabaki kuitwa maji ya chumvi uwe umetia kijiko kimoja au vitatu, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo kiwango cha kuchemka kinavyopanda.

Ikiwa maji yana haidrojeni na oksijeni, kwa nini yasiitwe mchanganyiko?

Kwa sababu elementi hizo zimeungana, na kila moja imepoteza tabia yake ya awali. Tazama chumvi ya mezani: sodiamu ni metali inayowaka kwa ukali ikigusa maji, klorini ni gesi yenye sumu, lakini zikiungana huzaa kampaundi tunayoila kila siku. Katika mchanganyiko kila kitu hubaki na tabia yake, ndiyo maana unaweza kuvitenganisha kwa kuchuja, kuvukiza au kukeneka (kukusanya mvuke na kuupoza). Hewa tunayovuta ni mfano mzuri, kwani ni takriban asilimia 78 ya naitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni, na mapafu huichukua oksijeni bila kulazimika kuvunja kampaundi yoyote.

Kwa nini baadhi ya dawa za maji huandikwa "tikisa kabla ya kutumia"?

Ningependa kila mzazi alielewe jambo hili. Michanganyiko haifanani. Ipo ile ambayo kitu kimoja kimeyeyuka kabisa ndani ya kingine, nao huitwa myeyusho. Tone la juu na la chini ya chupa huwa sawa. Ipo pia ile ambayo chembe ndogo za unga huelea tu ndani ya maji bila kuyeyuka, na chupa ikitulia chembe hizo huzama. Dawa nyingi za watoto za kuua bakteria, ambazo huja zikiwa unga na kuongezwa maji, ni za aina hii ya pili. Usipoitikisa chupa, siku za mwanzo mtoto hunywa maji yenye dawa kidogo isiyotosha kuua bakteria, na siku za mwisho hupewa dawa iliyojilimbikiza chini, ambayo huenda ikazidi kipimo chake. Chupa ni ileile na kijiko ni kilekile, lakini dozi si ileile. Vivyo hivyo, maji ya kuchanganyia hayakadiriwi kwa macho: fuata alama iliyo kwenye chupa au maelekezo ya mfamasia, kisha pima dozi kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa, kwani vijiko vya jikoni hutofautiana ukubwa.

Dripu ya mgonjwa huwa na maji ya chumvi. Je, maji yaliyokenekwa, ambayo ni safi zaidi, hayangefaa?

Yangemdhuru. Damu ni mchanganyiko, na sehemu yake ya majimaji, yaani plazima, ina takriban asilimia 90 ya maji, huku iliyobaki ikiwa ni protini, chumvi na vitu vingine. Chembe nyekundu za damu zikizungukwa na maji matupu huyanyonya, huvimba na kupasuka. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi huwa na gramu 9 za chumvi katika kila lita.

Uwiano huohuo wa makini umo katika ORS, chumvi za kuongeza maji mwilini anazopewa mwenye kuharisha. Pakiti ya lita moja kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu, bali husaidia utumbo kufyonza sodiamu, na maji hufuata. Ukipunguza maji, chumvi huwa kali na inaweza kumdhuru mtoto. Ukiyazidisha, mgonjwa hapati chumvi anazozihitaji.

Spiriti ya kuua vijidudu ikiwa tupu, haina nguvu zaidi?

La. Iliyo karibu na asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko iliyo tupu, kwa sababu maji husaidia kuziharibu protini za vijidudu na huifanya spiriti ikawie kukauka.

Je, kuchemsha maji huyafanya yawe dutu safi?

Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo kunastahili kusisitizwa. Hata hivyo hakuondoi chumvi, floridi wala madini ya risasi yaliyoyeyuka. Maji yanapopungua kwa mvuke, vitu hivyo huzidi kukolea katika yale yanayobaki. Palipo na tatizo la madini, njia nyingine huhitajika, kama vile kukeneka, ambako mvuke hukusanywa na kupozwa huku madini yakiachwa chunguni.

Ninaweza kuchanganya dawa mbili za kusafishia choo ili zifanye kazi haraka?

Usifanye hivyo kamwe. Si kila vitu vinavyotiwa pamoja hubaki mchanganyiko. Vingine hutenda na kuzaa dutu mpya. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini. Zote huunguza macho, koo na mapafu. Ikitokea kwa bahati mbaya, usibaki kusafisha: toka mara moja uende penye hewa, wazuie wengine wasiingie, osha kwa maji mengi macho yanayowasha, na umwone mhudumu wa afya bila kuchelewa iwapo kifua kinabana au kikohozi hakikomi.